Kikohozi cha Watu Wawili

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Aliyesema hivyo hakuishi Bwiza wakati wa vita. Sisi tulijua kukificha. Tulikibana kooni mpaka machozi yakatutoka, tukakimeza, tukaendelea kukaa sakafuni chini ya dirisha tukisikiliza viatu vikipita barabarani. Mtaani kwetu hata mtoto mdogo alijua kuziba mdomo kwa blanketi kabla hajakohoa. Ukikohoa, umesema uko nyumbani.

Shangazi yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Yeye alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya watu wote. Ya pili, aliuza mandazi mlangoni, na nani atanunua mandazi kwa mama anayekohoa? Kwa hiyo kutwa nzima alikuwa na punje ya karafuu shavuni na ncha ya kitenge mdomoni, na wateja wakamsifu kwamba siku hizi amekuwa mpole, hasemi sana. Mimi niliyelala naye chumba kimoja ndiye niliyeuona mgongo wake ukitikisika. Mabega yake yalikuwa yamebaki mifupa. Nilikuwa na hofu naye ambayo sikumwambia mtu.

Na kazi yangu mimi ilikuwa kifua kikuu. Kulikuwa na daktari mmoja, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akifanya utafiti katika zahanati moja upande wa Rohero. Alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi: kwa nini vipimo vya wanawake hutoka safi kuliko vya wanaume, na wanawake hao hao wanaendelea kukonda na kufa? Alitaka mtu anayejua Kiswahili cha mtaa na anayeweza kuingia nyua za watu bila kufukuzwa na bakora. Akanipata mimi. Nilipeleka vikombe vya plastiki vyenye vifuniko nyumba kwa nyumba, nikaeleza, na kesho yake asubuhi, amri ya kutotoka usiku ilipokwisha, nikavikusanya na kuvipeleka maabara.

Cha shangazi nilikipeleka mara kadhaa. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: hakuna kitu. Na asiyeonekana mdudu kwenye hadubini hapewi dawa, kwa sababu dawa zilikuwa chache, na lori la kuzileta lilifika pale Mungu alipotaka lifike. Nilimwangalia shangazi akizidi kukonda huku karatasi za maabara zikisema ni mzima.

Siku moja mtu wa maabara, mtani wangu, alifungua kikombe cha shangazi, akanusa, akacheka. "We dada," akasema, "hii ni makohozi ao ni pilau?"

Nilicheka naye, kisha nikakumbuka karafuu ya shangazi. Kesho yake nilijifanya nimelala nikamtazama. Shangazi aliamka kwa adhana ya alfajiri. Akapiga mswaki mpaka ufizi ukawa mwekundu. Akatawadha, akasukutua mara nyingi kuliko zinazotakiwa. Akatafuna karafuu. Hapo ndipo alipochukua kikombe, akageukia ukuta kwa haya, akatemea humo mate meupe kidogo, mazuri, kama maji ya mchele, akakifunika na juu yake akaweka kitambaa cha kufuma.

"Shangazi, hayo ni mate."

"Ni mate safi."

"Muganga hataki safi. Anataka makohozi, uchafu wa chini kabisa kwenye kifua."

Akaniangalia kama mtu asiyeamini kwamba amenilea yeye. "We mutoto wangu, utamupelekea mutu wa watu uchafu? Mutu amesoma, amevaa nguo ya kweupe, umutemee makohozi? Apana. Mi sikukufunza vile."

Tuligombana, na mimi nikigombana sijui kushusha sauti. Katikati ya ugomvi ikatoka habari nyingine: yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wote wa mtaa. Walimfuata kumuuliza namna ya kumpelekea daktari kitu kile bila kujiaibisha, naye akawapa na karafuu.

Nilipomweleza daktari, alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akairudisha machoni. "Basi kumbe tulikuwa tunapima adabu," akasema.

Tangu siku hiyo maelezo yangu yalibadilika. Niliwaambia wanawake: usisukutue, usipige mswaki, toka nje penye hewa, vuta pumzi, kohoa kutoka tumboni, na aibu yako nipe mimi nitakushikia. Wengine walicheka wakakubali. Shangazi alikubali kwa hasira, ili kunionyesha kwamba ananikomesha. Alisimama ukutani nyuma ya jiko akakohoa kwa mara ya kwanza tangu vita vianze bila kujiziba. Ilikuwa sauti ya kutisha, sauti ya gunia linalopasuliwa. Kuku wa jirani walikimbia.

Jibu lilikuja na misalaba mitatu myekundu, alama ya wadudu wengi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikimbia njia nzima kutoka Rohero kwenda kumwambia shangazi yangu kwamba ana kifua kikuu, kama mtu anayepeleka habari za harusi.

Alisikiliza, akashukuru Mungu, akakunja ncha ya kitenge chake. Kisha akasema, "Niletee kikombe kingine."

"Cha nini? Umeshaonekana."

Alitia mkono kifuani akatoa ufunguo uliofungwa kwenye uzi.

Ukuta wetu wa nyuma tulikuwa tunaugawana na mama mmoja aliyezaliwa milimani na kuolewa Bwiza. Kabila lake halikutakiwa tena mtaani kwetu. Lipi, sitasema, maana mitaa michache kutoka hapo lililokuwa halitakiwi lilikuwa lile lingine. Mumewe alitoka siku moja kwenda kutafuta njia ya kuwapitisha mpaka ng'ambo, akasema atarudi, hakurudi. Baada ya hapo tuliona kufuli mlangoni, na mtaa wote ukaamini kwamba na yeye ameondoka. Mimi pia niliamini, niliyekuwa nikipita mbele ya mlango ule kila siku na vikombe vyangu.

Alikuwa ndani. Shangazi ndiye aliyemfungia kwa nje, kwa ombi lake mwenyewe, na chakula kilipita juu ya ukuta kwenye bakuli la mandazi. Alikuwa akimngoja mumewe. Na alikuwa akikohoa kuliko shangazi, akikohoa ndani ya godoro mpaka sehemu ile ya godoro ikawa na damu. Bila dawa angekufa humo. Bila kukohoa asingepata dawa. Na akikohoa, nyumba yenye kufuli itakuwa imesema ina mtu.

Shangazi alikuwa ameshafikiri. "Mi nakohoa kila siku sasa, mutaa muzima unajua," akasema. "Yeye atakohoa ndani ya kikohozi yangu."

Wakafanya hivyo. Baada ya adhana, shangazi alisimama ukutani na mwiko. Aligonga tofali mara moja, na wote wawili wakakohoa kwa pamoja, mmoja huku na mmoja kule, wakinyamaza pamoja na kuanza tena pamoja kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Nilitoka barabarani kusikiliza. Ulikuwa ni ugonjwa wa mtu mmoja, mkubwa sana. Kisha mkono mwembamba ukaweka kikombe juu ya ukuta.

Kikombe kilionyesha wadudu, lakini kwa daktari kulikuwa na kazi nyingine. "Mutu sijamuona," alisema, "nitamupa dawa namna gani?" Nikamwambia nyumba yake ikoje. Alienda dirishani, akarudi, akafunga vidonge kwenye karatasi bila kuniuliza jina. Alisema tu kwamba asiache hata siku moja, na kwamba baada ya miezi ya mwanzo nimletee kikombe kingine ili ajue kama dawa imefanya kazi.

Vidonge vikapita juu ya ukuta pamoja na mandazi. Shangazi alipona haraka. Mabega yalijaa, sauti ikarudi, na mdomo wake pia ukarudi, wateja wakaanza kutukanwa kama zamani na wakafurahi. Kikohozi chake kilikwisha. Lakini cha jirani kilikuwa kimezama mbali zaidi, kilipungua polepole, na asubuhi kilikuwa bado kinamshika asiweze kukizuia. Basi shangazi aliendelea kukohoa. Kila alfajiri mwanamke mzima alisimama ukutani, akagonga mwiko, akajikohoza mpaka koo likauma.

Kwenye kona yetu kulikuwa na vijana wanaokaa juu ya makreti ya bia. Hawakuwa na kazi, na kila mtu aliwasalimia kwanza. Mmoja wao, kijana wa heshima ambaye shangazi alimfunga nepi, alikuja kununua mandazi.

"Bwakeye, mama. Wanasema umepona."

"Mungu ameangalia."

"Sasa mbona asubuhi unakohoa bado?"

"Moshi ya kuni, mwanangu."

Alilipa, akalimega andazi, akalitafuna taratibu akiangalia ndani ya ua. "Moshi ni mubaya," akasema. "Asubuhi ingine ukikohoa, mi nasikia kama muko wawili."

Akamtakia siku njema akaenda. Shangazi aliendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta, lakini yaliungua yote, na yeye hakuwahi kuunguza mandazi.

Nilimweleza daktari siku hiyo hiyo. Alikubali kuja na gari la zahanati asubuhi tuliyopatana, amchukue mgonjwa kama anavyochukuliwa mgonjwa yeyote, amlaze zahanati. Na kwa kuwa miezi ya mwanzo ilikuwa imetimia, akanipa kikombe, mgonjwa awe amekijaza asubuhi hiyo hiyo kabla gari halijafika. Nilikipitisha juu ya ukuta. Sauti ya upande wa pili ilisema ahsante, itakuwa tayari. Ndiyo mara pekee niliyoisikia sauti yake ikisema neno.

Asubuhi hiyo mji ulikufa. Ndivyo tulivyoziita siku zile ambazo vijana waliamua hakuna duka kufunguliwa wala gari kupita, na anayetoka anatoka kwa hesabu yake mwenyewe. Tangu kabla ya adhana risasi zilikuwa upande wa soko. Mimi na shangazi tulilala kifudifudi sakafuni. Gari lisingekuja, hilo tulilijua. Hatukuwa na namna ya kumjulisha jirani, na yeye, nyuma ya ukuta, alikuwa na kikombe cha kujaza.

Tulimsikia. Hakukuwa na mwiko. Alikohoa peke yake, kutoka tumboni, kama tulivyomfundisha.

Shangazi alikohoa palepale kwenye simenti kwa nguvu zake zote, lakini alichelewa. Kikohozi chake kilianza wakati cha jirani kinakwisha. Vilikuja kimoja baada ya kingine, kimoja upande huu na kimoja upande ule, na hata mtoto angejua ni watu wawili. Huko barabarani, viatu vilivyokuwa vikipita vilisimama.

Sitaandika nilichosikia baada ya hapo, kwa sababu nilisikia kidogo sana. Hakuna aliyepiga kelele. Mlango ulifunguliwa, na haukuwa na haraka.

Mji ulipofufuka tulienda kuangalia. Kufuli lilikuwa chini, limevunjwa, na ufunguo bado uko kifuani kwa shangazi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Juu ya ukuta, upande wetu, kikombe kilikuwa kimekaa wima, kimefunikwa vizuri, na juu yake kitambaa cha kufuma alichowahi kupewa na shangazi.

Nilikipeleka. Sikujua kitu kingine cha kufanya na kikombe kile. Mtu wa maabara hakutania. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida, akaita daktari naye akaangalia. Yalikuwa makohozi ya kweli, si mate. Na hayakuwa na mdudu hata mmoja.

"Dawa imefanya kazi," daktari alisema. Alisema polepole, na hakuniangalia.

Nilimwambia shangazi. Aliniambia nirudie, nikarudia. Kesho yake baada ya adhana nilimsikia akichukua mwiko jikoni. Aligonga tofali mara moja, akakohoa, akanyamaza, akasikiliza, akakohoa tena. Na kesho kutwa yake. Vijana wa kona walicheka mwanzoni, baadaye wakaacha.

Aliendelea hata vita vilipoanza kutulia, hata utafiti ulipokwisha na daktari akaja nyumbani kutuaga. Alimwomba shangazi avute pumzi, akamsikiliza mgongoni kwa muda. "Kifua yako ni safi kabisa, mama," akasema. "Sasa unakohoa nini?"

Shangazi alijifunga kitenge chake upya.

"Kama ako hapa karibu," akasema, "asikohoe peke yake."