Tufaha la Kaltumu

Kaltumu ni fundi cherehani sokoni Gisenyi, meza yake kando ya yangu. Zamani, jua likianza kushuka tu, alidandia moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi kwake Nyakiriba kulinda mti. Nasema kulinda, kutunza ni neno la watu wenye moyo mweupe.

Uani mwake kulikuwa na mtufaha wa matunda mekundu, machachu, alioachiwa na mkwewe. Marehemu mumewe Habib, dereva wa lori, akaleta mche wa matufaha ya kijani kutoka Kabale, akaupanda ubavuni mwake. Nyuki wakafanya yao. Kaltumu alipopanda mbegu ya tunda jekundu ukaota mti chotara: tunda la manjano lenye shavu jekundu, tamu, lenye ukali kidogo mwishoni. Watu wakaliita tufaha la Kaltumu, naye akavimba kichwa.

Ukimtembelea, alikukaribisha vipande ambavyo mbegu ameshazitoa. Alizichoma, jirani asije akaotesha. Jirani mwenyewe ni Mukarugwiza, aliyerudi kutoka Tanzania, mwanamke ambaye hata akichomeka mpini wa jembe utaota. Habib aliwahi kuyasifu maharage yake, mara moja tu, na gere hiyo haikumtoka Kaltumu hata baada ya kumzika mumewe.

Lakini matawi aliyopogoa aliyatupa. Mukarugwiza akayaomba ya kuegemezea maharage, akapewa mzigo mzima pamoja na kicheko. Kaltumu alisahau kwamba mbegu ya tufaha haizai tunda lile lile, ilhali mti wake mwenyewe haukufanana na mama yake. Tunda kama lile hurithiwa kwa kijiti. Mukarugwiza alichagua kimoja kibichi, akakibebesha kwenye mche wa mtufaha aliokuwa nao uani ili viungane, akakifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli.

Masika moja mvua ilizidi, mizizi ikaoza, mti wa Kaltumu ukafa. Alilia kama amefiwa na Habib mara ya pili. Kisha akaona, ng'ambo ya ua, matufaha ya manjano yenye shavu jekundu. Roho ilimuuma hata akashona gauni la bibi harusi mkono mmoja nje ndani. Soko zima likasikia kwamba Mukarugwiza ni mwizi.

Ila tufaha lile, lenye asili ya mche wa Habib, halikupatikana kwingine kokote. Mwishowe Kaltumu akajifunga kitenge, akaenda kubisha hodi.

Mukarugwiza hakumsimanga. Alikata kijiti, akaja mwenyewe kukibebesha kwenye mtufaha wa matunda mekundu ambao Kaltumu aliachiwa na mkwewe.

“Mama Muhamadi,” akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, “kila anayeniuliza hili ni tufaha gani, namjibu ni la Kaltumu.”

Nilidhani angefurahi. Kesho yake alifika sokoni macho mekundu, akakaa bila kugusa cherehani.

“Ata jina hakuiba,” akaniambia. “Sasa mi nitamuchukia juu ya nini?”