Siku Mkaguzi Alipokimbia

Kila Jumatatu mkaguzi wa serikali huja gatini amejifunga kiunoni mkeka wa heshima, vazi rasmi la kisiwani kwao, akagonga ubavu wa feri kwa kidole kama anayebisha hodi, kisha akacheka: "Chuma hiki, si biskuti! Pandeni!" Fusi, muuza shelisheli za kuchoma, hakuwahi kumwona akikimbia. Leo, honi ikiwa imeshalia, alikimbia. Alikuwa amemwona mama yake mzazi kakaa sitahani juu ya mizigo.

"Mama, shuka! Sasa hivi!"

"Kwani si umeipitisha wewe mwenyewe, mwanangu?"

Alimshusha kwa mikono yake ile laini, huku akiwatabasamia abiria.

"Wee! Na wangu je?" Fusi alipiga ukelele, sinia limemponyoka. Ubao wa kupandia ulishavutwa. Kule juu binti yake alikuwa akimpungia mkono.