Foleni ya Sukari na Viatu vya Baba Mkwe

Jamani, hii aibu nilitaka nizikwe nayo, lakini naona watoto wangu wameshaisikia vipande vipande na kila mmoja anaisimulia anavyotaka, mmoja eti niliiba, mwingine eti nilizimia, sasa bora niitoe mwenyewe. Sikuiba. Kuzimia, nilikaribia.

Ilikuwa miaka ya sabini, Mafinga, mimi mke kijana wa Kinyakyusa niliyeletwa kutoka Rungwe na mume wangu Ambakisye, aliyekuwa akipasua mbao kiwandani. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, miezi minne, na Jumapili ile angebatizwa kwa jina la babu yake. Babu mwenyewe, yaani baba mkwe wangu, alikuwa ameshafika tangu Jumatano na mikungu miwili ya ndizi, na alitamka wazi kwamba kati ya wajukuu wake wote ni huyu tu anayempa jina lake. Heshima hiyo niliishika kwa mikono miwili, nikawa naomba Mungu nisije nikaiharibu kabla ya Jumapili.

Nyie wa siku hizi mnaokaa sebuleni na wakwe mkicheka hamtanielewa. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na jina lake halitamki hata kama mzee yuko mbali. Miaka mitatu ya ndoa sikuwa nimeuona uso wake. Nilichokijua ni kikohozi chake (alikuwa akikohoa kabla hajakata kona ya nyumba ili nipate kukimbia) na viatu vyake, ngozi ya kahawia, soli ya tairi, cha kushoto kimefungwa kwa waya badala ya kamba. Siku zile zote nilikuwa napikia kwa jirani, chakula anapeleka Ambakisye.

Ijumaa asubuhi zikaja habari kwamba duka la ushirika limepata sukari, na sukari wakati ule ilikuwa haionekani ovyo. Ambakisye akaniambia, "Usitoke wewe. Saa nne nitaomba ruhusa kazini, nitakwenda mwenyewe." Mimi nikajisemea saa nne si litakuwa limebaki gunia tupu, wageni wa ubatizo nitawapa chai ya chumvi? Mzee alikuwa ameondoka, kasema anakwenda kutembea kuona misitu ya misonobari, njia ikaonekana nyeupe. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Ndiyo hivyo tu, hakuna kosa jingine nililofanya asubuhi ile.

Nikapanga mstari kwenye ukungu, baridi ya Mafinga inauma masikio, tukasogea, tukasogea, mpaka mbele yangu wakabaki watu watatu. Muuzaji alikuwa kijana wa Kihehe tuliyempa jina la Bwana Mizani kwa jinsi alivyopima, punje moja ikizidi anairudisha. Nikainama kumweka mtoto sawa. Ndipo nikaviona. Ngozi ya kahawia, soli ya tairi, waya. Vilikuwa vinakuja kandokando ya mstari, na sauti ya taratibu juu yake inauliza, "Wanangu, sukari ya mjukuu wangu naipangia wapi?"

Nikikimbia nitapishana naye uso kwa uso, nikibaki atanifikia, basi nikajifunika kanga kichwa kizima na kujipenyeza kwenye mlango wa pembeni wa duka, nikachutama nyuma ya magunia, nikiwaza atapita tu, atapita. Mtoto akachagua dakika hiyo hiyo kulia.

"Nani huko kwenye stoo?" Bwana Mizani akachungulia, akakuta mwanamke kajifunika gubigubi, mkono uko juu ya gunia la sukari (nilikuwa nimelishikilia nisianguke!). "Mwizi! Mwizi wa sukari!"

Mgambo wa duka akanitoa kwa bega mpaka mbele ya watu wote. Wanawake niliowapita wakaanza, ndio hawa walanguzi, ndio hawa wanaotumalizia, na mtoto analia, na mimi nimeng'ang'ania kanga usoni kwa mikono miwili. Bwana Mizani akafungua daftari lake la kaya. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Kwa Ambakisye," nikanong'ona.

"Ambakisye nani? Wako wawili hapa, wote wa mbao."

Nikanyamaza. Maana baada ya Ambakisye linafuata jina la baba yake.

"Mama, taja jina la pili uende zako. Hulijui?"

Nalijua! Lilikuwa limenikaa kooni, na mwenye jina kasimama hatua nne kutoka nilipo. Nikitaja, mbele ya kadamnasi, ndiyo basi, mzee angebeba jina lake arudi nalo Rungwe. Nisipotaja ni kituoni, na mtoto mgongoni.

"Hana jina huyu," mgambo akasema. "Toa hiyo kanga tukuone." Akaishika. Akaivuta. Nikaisikia inateleza kwenye nywele, nikafumba macho.

"Kijana, toa mkono."

Viatu vile vikageuka, visigino vikanielekea mimi, maana mzee alikuwa amenipa mgongo na kulivuta koti lake mpaka kichwani. "Kilio hicho nakijua, nimekibembeleza siku mbili. Huyo ni mke wa mwanangu. Jina analolikosa ni langu." Akalitaja mwenyewe, kwa sauti, herufi kwa herufi, Bwana Mizani akaandika. "Mpeni na fungu langu." Akaondoka bila kugeuka, nami nikabaki nalia na kilo mbili za sukari mkononi.

Jumamosi nzima nilingoja kusikia amefunga mizigo. Jioni Ambakisye akaja jikoni kwa jirani, uso haueleweki. "Baba amebadili jina la mtoto."

Nikakaa chini. "Amekasirika."

"Hapana. Kasema, mpeni jina ambalo mama yake anaweza kuliita akipotea sokoni."

Tukambatiza Lusajo. Mzee alikunywa chai yake chumbani, vikombe vitatu, na mimi nilisimama nje ya dirisha nikasema "ndaga", asante ya kwetu, kwa ukuta, na ukuta ukakohoa.

Alifariki sijamwona uso. Wajukuu wengine walizaliwa, jina lile hakulitoa tena kwa yeyote. Mimi nikipanga mstari popote, hata hospitali, kwanza natazama viatu vya watu, na nikiambiwa usitoke, sitoki. Na msiniulize aliitwa nani. Kamuulizeni Lusajo.