Bamba la Shaba la Stechford

Msafishaji wa kanisa letu hapa Stechford, Uingereza, ni Singasinga aliyetoka Nairobi. Kila Ijumaa hukunja mikono ya shati na kulisugua bamba la shaba lenye majina ya askari wa Kiingereza waliokufa mwaka 1849, Waingereza walipoiteka Punjab, nchi ya babu zake. Majina huyasugua taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Neno "Ushindi" lililo juu yake huliruka, nalo limekuwa jeusi tititi. Juzi mzee wa kanisa, Mwingereza, alimwonyesha neno hilo kwa kidole, akamwamuru alisafishe.

"Atakufukuza," nilimnong'oneza.

"Hawa marehemu walikuwa na mama zao, dada," alinijibu kwa Kiswahili, huku akimkabidhi mzee kitambaa. "Hilo neno alisugue aliyeshinda."