Kuinua Pembe Isiolo

Mimi ni mtu wa sherehe, sifichi. Wenzangu wakipata likizo hulala; mimi huuliza ngoma ziko wapi. Kwa hiyo rafiki yangu wa Isiolo aliponipigia simu kuniambia kwamba msimu wa tamasha umefika, kwamba wiki nzima kila kabila litacheza uwanjani na usiku mji haulali, nilianza kufunga begi kabla hajamaliza salamu.

Rafiki huyu ni fundi wa nguo. Tuliwahi kuwa wapangaji jirani kule Nakuru, kabla hajarudi kwao kuolewa na Mturkana mwenzake. Sasa wanakaa mtaa wa Bulla Pesa, chumba kimoja na cherehani mlangoni. Nilipofika nilikuta amechinja kuku, nikamtania: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akacheka, akampakulia mumewe paja.

Mumewe hupakia malori yanayokwenda Merti. Ni mpana wa mabega na mchache wa maneno. Kila jioni tulipotoka alitusindikiza, na kila tulipoingia mahali alitafuta kiti karibu na ukuta, akaagiza soda moja, akashika mikoba yetu. Nilimpenda kwa hilo. Sisi tulicheza! Dijei alipiga nyimbo za Kisomali, akaruka kwa za Kimeru, akatutupa kwenye za vijana ambazo maneno yake nilijifanya sisikii. Wauza miraa kutoka milimani walicheza huku shavu moja limevimba. Nilikula nyama ya ngamia mpaka taya zikachoka, na bado nikaongeza.

Siku moja kabla ya tamasha kufungwa, tukiosha vyombo, rafiki yangu aliniambia, "Usidhani huyu mzee wangu ni wa kushika mikoba tu. Alikuwa anaruka mpaka watu wanaacha kula."

Akanieleza. Katika edonga, ngoma yao ya kuruka, mwanamume huinua mikono juu kama pembe na kumwimbia fahali wake. Mumewe alikuwa na fahali mwekundu mwenye uso mweupe, akifugwa kwa kaka yake upande wa Burat. Marafiki zake walimwita kwa rangi ya fahali huyo, na jina lake la kitambulisho lilibaki la ofisini tu. Kisha ukame ukamchukua fahali. Tangu hapo mwenyewe hajaingia ngomani, na pale kazini amezoea kuitwa kwa lile la kitambulisho, kama mtu yeyote.

"Kila tamasha namwomba," alisema. "Ananijibu, nikisimama pale niinue pembe za nani? Na si ngoma tu, dada. Hata nyumbani amenyamaza." Alisema akitabasamu, lakini sahani aliyoshika aliisuuza mara mbili. "Kesho ndiyo mwisho. Mwambie wewe. Mgeni hakataliwi."

Nikamwambia mimi nimekuja kucheza, siwezi kwenda kumsumbua mtu na msiba wa ng'ombe wake. Nilikuwa mkali kidogo, kwa sababu nilimhurumia na sikujua la kufanya.

Usiku wa mwisho tulikwenda mahali Waturkana walipokuwa wakicheza. Wanaume walikuwa wamesimama duara, wakipiga makofi, wakiruka, vumbi limewafika magotini. Mmoja baada ya mwingine aliingia katikati, akainua mikono na kuimba. Mimi nimezaliwa Kakamega. Kwetu fahali wa kupigana hupelekwa uwanjani kwa ngoma na tarumbeta, na marehemu baba alikuwa na wake, mweusi, mtundu, aliyewahi kubomoa jiko letu. Damu ikanichemka. Nikamwachia yule mume mkoba wangu, nikaingia katikati ya wanaume, nikainua mikono, nikamwimbia fahali wa baba kwa Kiluhya.

Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo. Wanaume walicheka mpaka wimbo ukakatika, lakini makofi hawakuacha. Nilipopumua, mzee mmoja akaniuliza, "Mama, hiyo ng'ombe yako iko wapi?"

"Ilikufa, baba. Nikiwa darasa la sita."

"Na bado unaiimbia?"

"Sasa niimbie nani? Kuku?"

Kicheko kikazidi. Nikarudi pembeni nikihema, nikimtafuta mshika mikoba wangu. Mikoba yote ilikuwa mapajani mwa mkewe, na juu yake koti la mumewe.

Mwenyewe alikuwa anaingia duarani, polepole. Aliinua mikono, ule wa kushoto akaupinda chini kidogo, maana, niliambiwa baadaye, pembe ya kushoto ya fahali wake ilipindwa hivyo tangu akiwa ndama. Sauti ilimgoma mwanzoni. Akakohoa, akaanza upya, na wanaume wakamwitikia. Maneno yake walikuwa wanayajua. Kisha mmoja akapaza sauti akamwita kwa rangi ya yule fahali, na wengine wakadakia. Hapo akaruka.

Niligeuka nikidhani nitamkuta rafiki yangu akipiga vigelegele. Alikuwa amekaa vilevile, amekumbatia lile koti.

"Huyu ndiye alinioa," aliniambia. "Mimi nilifikiri alikufa na ile ng'ombe."