Kamera Kubwa na Macho ya Mama

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, na kwa miaka saba ilinilisha. Nilipiga nayo picha za pasipoti, za harusi, za watoto wa chekechea waliovaa majoho yanayoburuta chini. Haikuwa na ujanja. Aliyesimama mbele alionekana, aliyesimama nyuma alionekana, hata mbuzi aliyepita kule uani alionekana. Sikuwahi kuishukuru kwa hilo.

Nilichojua ni kwamba ilinitia aibu. Simu za watu zilikuwa zimeshakuwa na macho matatu mgongoni, na mimi nilikuwa bado nasimama mbele ya maharusi na kitu kinachoenea kiganjani. Katika harambee moja ya kanisa kule Uriri, mzee wa kanisa aliniuliza mbele ya watu wote kama mpiga picha mwenyewe yuko njiani. Watu walicheka. Nilicheka nao, ningefanya nini, lakini nilirudi Migori nikanuna siku mbili nzima.

Baada ya muda nikanunua kubwa. Ilikuwa ile ya wanaoanza, na aliyeniuzia hakunificha. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka la redio na simu pale mjini, mtu wa maneno machache. Kamera ilikuja na lenzi mbili: moja ndefu ya kawaida, na nyingine fupi, nene, isiyovuta karibu wala mbali. Ili nione kazi ya ile fupi, aliweka redio juu ya kaunta akaipiga picha. Redio ilionekana hadi vumbi lake, na rafu yote ya nyuma ikayeyuka ikawa rangi tupu. Nilikufa nikaoza.

"Dada, sikiza," akaniambia. "Hii fupi ni ya uso mmoja. Watu wakiwa safu mbili, tatu, usiiache ikiwa wazi hivi. Mmoja ataonekana, wengine utawapoteza. Rudi kwa ile ndefu."

Nilimjibu kwamba mimi si mgeni wa kamera. Nasikia sauti yangu hadi leo, ilivyokuwa na maringo.

Wiki chache zilizofuata nilitembea na ile kamera shingoni hata nikienda kununua mboga. Nilifika hadi Masara nikapiga mikono ya mwanamke aliyekuwa akiosha mchanga wa dhahabu, mikono tu, na nyuma yake dunia yote imeyeyuka. Watu waliisifu sana kwenye simu. Kichwa kikavimba.

Jirani wa studio yangu pale sokoni alikuwa binti mmoja aliyeuza viatu vya mitumba. Kaka yake mkubwa alifariki, mtu wa biashara ya ng'ombe, aliyekuwa akinunua Ogwedhi na kuuza kwao Rodi Kopany. Binti akaja kunikodi kwa ajili ya mazishi. Akaniambia neno moja kuhusu mama yao. Mama alikuwa na watoto watano, na hawajawahi kukaa wote mbele ya kamera hata siku moja, kwa sababu kila Krismasi mmoja alikosekana. Sasa wa nne alikuwa amepata ruhusa ya siku sita kutoka Arabuni alikofanya ulinzi. Mama alitaka picha moja yenye watoto wake wote, na huyu anayekwenda kaburini akiwemo. Zaidi ya hiyo hakutaka kitu kingine kutoka kwangu.

"Na macho yake yana ukungu," binti akaongeza. "Tumemwambia twende hospitali, anakataa. Anaogopa kisu."

Kwetu picha za mazishi zina mpangilio wake. Asubuhi ya kuzika, jeneza likiwa mbele ya nyumba, mshereheshaji huita makundi kwa kipaza sauti: mjane na watoto wake, wakwe, watu wa chama, watu wa kanisa. Kila kundi husogea, hupigwa, hupisha wengine. Makundi hayo yote niliyapiga kwa lenzi ndefu, na yote yalitoka vizuri. Kisha mshereheshaji akasema, "Sasa wale wa mama. Mkuje hapa mbele. Mama akae kwa kiti, watoto wasimame nyuma yake, kuanzia mkubwa."

Nikabadilisha lenzi. Hakuna aliyeniomba. Niliona kwamba picha kubwa kuliko zote inastahili ile fupi. Jeneza lilikuwa limeinuliwa kidogo upande wa kichwa ili uso uonekane, mama akaketi nyuma yake, na watoto wanne wakasimama nyuma ya mama. Safu tatu. Hata mtu asiyejua kusoma angeweza kuzihesabu.

Pembeni watu walikuwa wameinua simu, labda ishirini. Zilinikera. Nikaona kama wananichukulia picha yangu.

"Simu zishuke, tafadhali!" nikapaza sauti. "Mnaniharibia."

"Simu chini!" mshereheshaji akaitikia. "Wacheni fundi afanye kazi, tuko na kamera ya ukweli hapa."

Zikashuka. Yule wa Arabuni alikuwa amempa binamu yake simu ampigie. Nilimwona akimwashiria airudishe mfukoni, na binamu akairudisha. Nililenga uso wa marehemu, nikabonyeza mara tatu, nikatazama kioo kidogo cha nyuma kwa haraka huku jua likikipiga. Kwenye kioo kidogo kila kitu huonekana safi. Nikawaambia asante, imetosha.

Nilipozifungua kwenye kompyuta, marehemu alionekana hadi kope. Unyuzi wa pamba puani ulionekana. Mama alikuwa na uso, lakini uso uliolowa, usio na mikunjo wala macho ya kutazamika. Nyuma yake walikuwa watoto wanne kama watu walio ng'ambo ya moshi wa kuni. Shati jeupe, gauni jeusi, shati la bluu, leso. Huwezi kusema yupi ni yupi. Nilifungua ya pili, nikafungua ya tatu. Zote sawa. Wakati huo mtu wa Arabuni alikuwa ameshapanda ndege, na kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Ningeweza kwenda kwa binti hapohapo, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, nikasema nimeharibu. Nilifikiria kusema. Badala yake nilizitengeneza zile nyingine kwenye albamu nzuri, nikampa akaziangalia, akafurahi. Ile ya mama niliichapisha kubwa, nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika gundi. Nikamwambia hiyo ni ya mama peke yake, aifungue kwa mkono wake. Binti aliona ni heshima kubwa. Aliniambia nina moyo wa kipekee, na akaniomba nimpelekee mama mwenyewe.

Sitasema kwamba niliyategemea yale macho yenye ukungu. Lakini siwezi kusema kwamba sikuyakumbuka nilipokuwa nabandika bahasha.

Mama alinipokea peke yake nyumbani kwake. Aliifungua bahasha taratibu kwa kidole. Akaisogeza picha karibu na pua, akaiweka mbali, akaifuta kwa ncha ya leso. Akatoka nayo nje kwenye mwanga, nami nikamfuata. Tulizungumza Kijaluo, lakini maneno yake nayakumbuka vizuri katika lugha yoyote.

"Huyu namwona," alisema, akigusa uso wa mtoto wake wa kwanza. "Huyu namwona vizuri kabisa." Kidole kikapanda juu, kikazunguka, kikakosa pa kutua. "Hawa siwaoni. Nyara, binti yangu, macho yangu yamekwisha."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na mdomo pia.

"Pole, mama," nikasema.

Akaniomba nisimwambie mtu, kwa sababu watoto wakijua hali imefika hapo watamtoa nyumbani kwake wampeleke mjini akakae ndani kama kifaranga. Nikamwahidi. Akanifungia kuku miguu, nikaenda naye hadi Migori, na nikamla.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja binti aliingia studio mbio, anacheka na kulia kwa pamoja. Mama alikuwa amekubali kwenda hospitali Homa Bay. Alikuwa amemwambia binti ukweli, kwamba ana picha ya watoto wake wote ndani na hawezi kuwaona, na kwamba afadhali kisu kuliko hivyo. Walimtoa ukungu jicho moja, na sasa anaona hadi kuku wa jirani. "Ni picha yako," binti akaniambia, amenishika mikono yote miwili. "Sisi tumembembeleza miaka mitatu. Picha yako ndiyo imemtoa. Jumamosi unakuja na mimi Rodi, usikatae."

Nilitafuta udhuru wa kila aina. Jumamosi nikaenda.

Binti alibaki jikoni anachemsha chai. Mama alikuwa ameketi sebuleni, jicho lake limekuwa jeusi na jepesi kama la msichana. Bahasha ilikuwa juu ya mapaja yake. Hakunisalimia kwa kunishika mkono kama siku ile. Alinitazama, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuniona nilivyo.

Alitoa picha, akaiweka mezani, akaigeuza upande wangu.

"Siku ile ulijua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua, mama."

Hakufoka. Ningependa angefoka. Aliinamisha kichwa akaitazama tena picha, akatazama uzi wa kiti, akatazama dirishani kwenye ile migomba iliyokuwa mbali.

"Miezi miwili," akasema. "Mimi nilidhani ni mimi."

Nilipiga magoti. Binti akaingia na birika na vikombe, uso unang'aa. "Mama! Umeshawaona?"

Mama alikuwa ameshairudisha picha kwenye bahasha, na kiganja chake kilikuwa juu yake.

"Nimewaona," alisema.

"Hebu na mimi nione basi."

"Hii ni yangu. Wewe una albamu." Akanisogezea kikombe cha kwanza bila kunitazama. "Mpe mgeni sukari."

Binti akanishukuru tena, kwa maneno mengi, mbele ya mama yake, na mimi nikaitikia. Kwa mwaka mzima sasa ndiye anayeniletea wateja kuliko mtu yeyote, na kila anayemleta humwambia, mimi nikisikia, kwamba picha yangu ndiyo iliyomponya mama yake.