Jiwe, Barafu na Swali la Tano

Nilipata arobaini na tatu. Aliyeruhusiwa kuendelea na Fizikia kidato cha tatu ni mwenye arobaini na tano kwenda juu. Wengine wote walipangwa mkondo wa sanaa, wapende wasipende. Zilinipungua maksi mbili. Na maksi mbili ndizo zilizokuwa za swali la tano, ambalo Mwalimu alilipiga mkasi kwa kalamu nyekundu, kisha pembeni akaandika: “Kufagia ni usafi, si fizikia.”

Nina miaka kumi na sita na sijawahi kubishana na mwalimu. Hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni kazi kwangu, naweza kubana mpaka kengele. Kwa hiyo hasira yangu yote niliimalizia kwenye daftari hili. Nimerudi kuisoma na naona sikuandika vizuri, nilitukana tu. Leo naandika upya, kwa utaratibu.

Swali lilitaka tutaje njia moja ambayo watu hutumia kupunguza msuguano, kisha tueleze inavyofanya kazi. Darasa zima liliandika grisi, kwa sababu kwenye notisi tulizonakili ubaoni imeandikwa grisi. Mimi grisi sikuisahau. Ila nilikuwa nimeona kitu kingine kwa macho yangu, nikakielewa, na kwa ujinga wangu nikadhani mtihani unataka mtu aandike alichokielewa.

Nilikiona kwa masista. Mama anafua na kupiga pasi pale, baba yuko Mngeta kwenye shamba kubwa la mpunga na huja mwisho wa mwezi. Nikitoka shule napitia kumsaidia mama kukunja mashuka. Sasa pale kuna Sista mmoja mzee, alitoka Uswisi akiwa msichana, akazeekea huku kwetu. Amekaa mpaka Masagati, mbali kabisa na mji. Magoti yamemchoka, lakini mdomo haujachoka. Kila mwaka yakifika mashindano ya kalingi ya timu za taifa, ya wanaume na ya wanawake, Sista haonekani bustanini. Anavuta kiti mpaka karibu na runinga ya chumba cha wageni na hataki mtu apite mbele yake.

Mara ya kwanza nilidhani ni watu wanafanya usafi. Kuna uwanja mrefu mwembamba wa barafu, na mwisho wake wamechora duara ndani ya duara. Mchezaji anapiga goti, anateleza na jiwe kubwa lenye mpini, jiwe la kama kilo ishirini, kisha analiachia liende taratibu. Halafu wenzake wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa mafagio, wameinama kabisa, wanasugua kama wana ugomvi nayo. Aliyesimama kule mwisho anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Huo ndio mchezo wenyewe. Jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya duara ndilo linalohesabiwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi. Kwetu mgeni akiwa bado amekaa hatufagii. Ukishika ufagio mbele yake ni sawa na kumwambia ondoka, na nyanya yangu aliwahi kunichapa kwa kosa hilo. Kwa hiyo mama aliangalia wale watu wanavyofagia mbele ya jiwe, akashindwa kunyamaza.

“Sista, hao wanamfukuza nani?”

“Hawamfukuzi mtu, Mama! Jiwe ndiyo mgeni. Wanamsafishia njia afike nyumbani. Lile duara linaitwa nyumba.”

“Mgeni gani hajui kutembea mwenyewe?”

“Mgeni mzito, kama mimi.”

Wakacheka. Mimi nilikuwa nashangaa jambo jingine, kwamba waliokuwa wanafagia wakati ule ni wanaume. Wanaume wazima wenye ndevu, jina la nchi limeandikwa mgongoni, wanafagia, na watu wamekata tiketi kwenda kuwaangalia.

Sista ndiye aliyenieleza. Ukisugua barafu haraka inapata joto kidogo, juu yake kunakuwa na utando mwembamba wa maji, na jiwe likipita hapo halikwami. Linakwenda mbali zaidi na linanyooka zaidi. Wakiacha kusugua, linapunguza mwendo na kupinda. Niliangalia mechi tatu kuhakikisha. Ni kweli. Ya mwisho ilikuwa ya wanawake, nchi ya Sista ikicheza, na jiwe lao likasimama nje ya katikati kwa upana wa kiberiti. Sista alivua ndara akaitupa ukutani. “Wamelala! Si waliambiwa wafagie?” Jioni ile hakula.

Haya ndiyo niliyoyaandika kwenye swali la tano. Si yote, ya ndara sikuyaandika.

Siku ya kurudisha karatasi Mwalimu hakunipa yangu kimya kimya kama wengine. Aliishika juu akasema, “Kuna mwanasayansi humu ndani.” Akasoma jibu langu lote, neno kwa neno, kwa ile sauti ya kusomea barua iliyokamatwa. Alipofika kwenye timu za taifa za kufagia, darasa lilivunjika mbavu.

“Acha fiksi wewe!” mmoja akapayuka kutoka nyuma. “Timu ya taifa ya kufagia? Kocha wao nani, bibi yako?”

“Kombe lenyewe ni kizoleo cha takataka!”

“Dada Fagio, njoo basi unipunguzie msuguano.”

Mwalimu naye alicheka. Hapo ndipo iliponiuma. Kwamba wavulana wa darasa letu wanasema ovyo, hiyo nimeizoea. Lakini hao hao, tangu kidato cha kwanza, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika ufagio. Zamu za asubuhi zimebandikwa ukutani: wasichana kufagia madarasa na ofisi, wavulana kufyeka. Na majani ya kufyeka yapo wakati wa mvua tu, kwa hiyo kiangazi chote wanakaa kwenye ukuta wakituangalia tunavyoinama kwenye vumbi. Nani kati yao anajua chochote kuhusu kufagia? Angalau mimi nina uzoefu.

Nikapewa karatasi. Nikaenda kukaa. Nilipofika kwa masista nikamwonyesha mama, halafu nikalia juu ya mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi, ikabidi yarudiwe.

Sista aliposoma ule wino mwekundu alisimama na magoti yake mabovu. “Twende. Sasa hivi. Nitamwambia mimi.”

“Hapana, Sista,” mama akasema. “Ukienda wewe itakuwa tumempeleka mzungu kumshtaki mwalimu. Atakubali mbele yako, halafu mtoto atabaki naye miaka miwili.”

“Sasa nani atamwambia?”

Wote wawili wakaniangalia. Nilitamani sakafu inimeze.

Wazo la kumpelekea Mwalimu barafu aone mwenyewe lilikuwa la Sista, ila wazo la pumba lilikuwa la mama. Tuliweka maji kwenye sinia ndani ya friza, na jiwe moja bapa la mtoni tukaliweka pembeni yake lipoe humo humo. Asubuhi mama akafunga lile sinia na jiwe kwa nailoni, akalilaza kwenye gunia na kulishindilia pumba za mpunga juu, chini na pembeni. Kwake si jambo geni. Kabla ya kufua alikuwa anauza samaki, na wauza samaki wanajua kwamba barafu ikizikwa kwenye pumba inachukua muda kuyeyuka.

“Usikimbie,” akaniambia. “Na usianze kwa kulaumu. Anza na shikamoo.”

Nikatembea na gunia kichwani, maji yananidondokea shingoni ingawa pumba zilijitahidi. Jua la Ifakara halina adabu hata saa moja asubuhi. Ofisini Mwalimu alikuwa peke yake, anakunywa chai.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umebeba nini, mchele?”

“Hapana, Mwalimu. Ni swali la tano.”

Sikukusudia kusema hivyo, ndivyo lilivyotoka. Akaniangalia. Nikafungua gunia, pumba zikamwagika sakafuni, sakafu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeifagia jana yake. Nikaweka sinia mezani na upande mmoja nikauegemeza kwenye madaftari mawili. Nia yangu ilikuwa nimwonyeshe kwanza jiwe likigoma kwenye barafu kavu, halafu nisugue kwa kitambaa, halafu liteleze. Niliweka jiwe. Likateleza lenyewe, shwaa, mpaka likagonga ukingo wa sinia.

Mwalimu akacheka chai ikamwingia puani. “Mbona hujafagia?”

Nilihisi masikio yanawaka. Niliweka jiwe tena, likateleza tena. Kitambaa nimekishika mkononi bure kabisa. Nilikuwa karibu kukusanya vitu vyangu niondoke, naapa, mkono ulishafika kwenye gunia. Kisha nikaona vidole vyangu vimelowa.

“Mwalimu, tafadhali gusa hapo juu.”

“Nimegusa. Ni maji.”

“Limeteleza kwa sababu ya hayo maji. Njiani jua limeyeyusha. Kule kwao uwanja wa barafu uko ndani, ni wa baridi, hakuna jua la kuyeyusha. Ndiyo maana wanafagia. Ufagio unafanya kazi ya jua.”

Mwalimu akaweka kikombe chini. Alilichukua jiwe, akaliweka mwenyewe juu kabisa ya sinia, likashuka. Akalirudia. Akapangusa barafu kwa leso yake mpaka ikakauka, akaliweka upesi, likasita kidogo kabla ya kushuka. Nilimwona alivyoliona lile kusita. Sitamsingizia, kwa muda ule alikuwa mwalimu mzuri, macho yake yalikuwa macho ya mtu anayejifunza. Hatuna maabara. Kitabu cha Fizikia ni kimoja na anacho yeye. Labda naye hajawahi kushika barafu kwa ajili ya somo.

Halafu mlango ukagongwa, mwalimu mwingine akachungulia na kuuliza hizi pumba za nini, na uso wa Mwalimu ukarudi ule wa siku zote.

“Lete karatasi yako,” akaniambia.

Nikampa. Juu kabisa akakata arobaini na tatu, akaandika arobaini na tano. Ule mkasi wa swali la tano hakuugusa.

“Nimekuongezea mbili. Una juhudi, na ofisi hii unaifagia vizuri. Sasa toa uchafu wako.”

Ninaandika hapa wazi kwamba nilisema ahsante. Niliinama nikazoa pumba, nikafuta maji, nikasema ahsante Mwalimu, nikatoka. Nilipofika kwenye bomba la maji ndipo nilipoelewa nimeshukuru kwa kitu gani. Nimepewa maksi za Fizikia kwa kufagia! Si kwa kueleza kufagia, kwa kufagia kwenyewe, kama zawadi ya mtumishi. Mvulana mwenye arobaini na tatu angefanya nini, angefyeka?

Mama aliposikia alifurahi. “Si umezipata? Basi.” Sista hakufurahi. Alisema neno moja la kwao ambalo hakutaka kulitafsiri.

Siku mbili baadaye Mwalimu alisoma majina ya wanaoendelea na Fizikia. Tulikuwa wachache, wasichana wanne tu. Langu alilisoma mwisho. Kisha akainua uso na kutabasamu.

“Huyu nimemwonea huruma.”

Wakacheka. Sikupanga chochote, sikuwa nimefanya mazoezi popote, wala sikuwa na ujasiri wowote mpya. Miguu tu ilisimama.

“Si huruma, Mwalimu.”

Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. Waliokaa mbele waliisikia, wa nyuma wakaanza kuulizana amesemaje, amesemaje.

“Umesemaje?” Mwalimu naye akauliza.

“Jibu la swali la tano lilikuwa sahihi. Mwalimu uliliona mwenyewe ofisini.”

Darasa likasubiri nichapwe. Mwalimu aliangalia orodha, akaniangalia, akaangalia tena orodha. Sijui alikuwa anatafuta nini humo. Kulifuta jina mbele ya watu wote ilikuwa ni kusema kwamba alikosea kulitia, na kukubali ilikuwa ni kusema kwamba alikosea kabla ya hapo. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

“Kaa chini,” akasema.

“Naomba useme, Mwalimu.”

Hiyo sijui ilitoka wapi. Msichana tunayekaa dawati moja alinivuta sketi kwa nguvu mpaka kifungo kikalegea.

“Barafu ikilowa,” Mwalimu akasema, akiwa ameshageukia ubao, “msuguano unapungua. Andikeni hilo kwenye notisi, chini ya grisi.”

Hakusema ni jibu la nani. Ncha za kalamu zikaanza kukwaruza madaftari, wote, hata wale wa nyuma, wakaandika. Nami nikakaa, nikaandika jibu langu mwenyewe kwa imla, na mpaka sasa naona angeweza kusema kwamba ni langu.